Nyanya "Obsolete": Historia ya Visawe na Vinyume vya Kiingereza

Najua nimepotea kitambo, na wale wanaongoja sehemu ya pili ya somo la hifadhidata watanivumilia kidogo. Leo hakuna msimbo mwingi. Nataka kusimulia historia ya vitu vitatu ambavyo kila aliyepitia shule ya Kenya amevibeba mkobani bila kuuliza vilitoka wapi: maana za maneno ya Kiingereza, visawe vyake na vinyume vyake. Nilianza kuisoma historia hii kwa sababu ya aibu, na mwenye aibu nilikuwa mimi.

Mwaka wa 2009 niliandika programu ndogo ya simu, zile za Java za wakati huo, ya kuwasaidia watoto wanaojiandaa kwa KCPE kujifunza msamiati. Unaandika neno la Kiingereza, inakupa maana, visawe na vinyume. Sikuwa na hela za kununua data ya kamusi, kwa hivyo nilichapa daftari langu mwenyewe la darasa la saba na la nane, lile la "maneno magumu" ambalo kila mwanafunzi wa 8-4-4 alikuwa nalo. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mtumiaji wangu wa kwanza alikuwa binti ya dada yangu, wakati huo yuko darasa la sita. Siku moja waliambiwa waandike insha ya Kiingereza kuhusu mtu wanayempenda. Akaandika kuhusu nyanya yake, yaani mama yangu. Mwalimu wao alikuwa akikata alama ukirudia neno, na yeye alikuwa ameshatumia "old" mara mbili. Akafungua programu ya mjomba, akachagua kisawe kirefu kilichompendeza, akaandika kwamba nyanya yake ni "obsolete".

Sentensi hiyo ilisomwa mbele ya darasa zima. Watoto walicheka, wakampa jina. Kwa muhula mzima aliitwa Obsolete, na kwa muhula mzima hakuinua mkono somo la Kiingereza. Alipokuja kwetu wakati wa likizo alinirudishia simu akasema, "Mjomba, hii kitu yako ilinidanganya." Mama naye alipohadithiwa aliuliza neno lenyewe lina maana gani. Nikamweleza kwamba ni kitu kilichopitwa na wakati, hakitumiki tena. Akafikiri, akasema, "Basi hakukosea sana." Lakini mtoto hakucheka.

Sasa, hitilafu ilikuwa wapi? Jedwali langu lilikuwa na safu mbili tu: neno, na kisawe chake. "Old" lilifuatana na "ancient", "ancient" likafuatana na "antiquated", na "antiquated" likafuatana na "obsolete". Kwa kuwa daftari lilikuwa na maneno machache, niliona niongeze ujanja: programu itafute pia kisawe cha kisawe, na kisawe cha hicho. Hesabu inasema A ikiwa sawa na B, na B sawa na C, basi A ni sawa na C. Lugha haijasikia habari hiyo. Ukitembea hatua tatu tu kutoka kwa nyanya yako unafika kwenye mashine mbovu iliyotupwa nyuma ya karakana.

Nilipoanza kutafuta jinsi wenzetu walivyolitatua jambo hili, niligundua kwamba watu wamekuwa wakijikwaa papo hapo kwa zaidi ya miaka 400.

Tuanze na kwa nini Kiingereza kina visawe vingi namna hiyo. Mwaka wa 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka kaskazini mwa Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa vizazi kadhaa watawala wakasema Kifaransa, wakulima wakasema Kiingereza, na kanisa na wasomi wakaandika Kilatini. Lugha hizo zilipochanganyikana hazikufukuzana. Mnyama akiwa hai shambani aliitwa na mkulima "cow" au "sheep". Akifika mezani kwa bwana, anaitwa kwa asili ya Kifaransa, "beef" na "mutton". Mara nyingi utakuta neno la nyumbani, neno la Kifaransa na neno la Kilatini yamepangwa ngazi kwa ngazi: "ask", "question", "interrogate".

Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi hapo, maana tunayo ngazi hiyo hiyo. Tuna kuuliza, ambalo ni la Kibantu. Tuna kusaili na kuhoji, ambayo yametoka Kiarabu. Mama anakuuliza umekula nini. Ukiomba kazi, unasailiwa. Polisi anakuhoji. Mtoto akisema mama yake amemhoji kama ameshiba, tutacheka kama vile darasa lile lilivyocheka. Kila mtu aliyekulia kwenye lugha anajua ngazi hizi kwa kusikia tu. Anayeisoma lugha kutoka daftarini anaona alama ya usawa.

Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilitoka mwaka wa 1604. Mtungaji wake alikuwa Robert Cawdrey, mwalimu aliyewahi kuwa kasisi. Aliipa jina la A Table Alphabeticall, na ilikuwa na maneno zaidi kidogo ya 2,500. Hakuweka maneno yote ya lugha. Aliweka magumu tu, yale yaliyokopwa kutoka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa, ili watu wasiokwenda shule waweze kuyaelewa mahubirini na vitabuni. Ilimbidi pia amweleze msomaji namna ya kutumia mpangilio wa alfabeti: neno likianza kwa herufi a tazama mwanzoni, likianza kwa v tazama kuelekea mwisho. Wale mnaolalamika kuandika miongozo ya watumiaji, mnaona hamkuanza nyinyi.

Jambo lililonishtua ni hili. Maana nyingi katika kitabu cha Cawdrey ni neno moja au mawili tu. Neno gumu upande mmoja, neno jepesi upande wa pili. Yaani kamusi ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na umbo lile lile la jedwali langu la safu mbili. Nilifarijika kidogo.

Baadaye vitabu vilikua. Samuel Johnson alitoa kamusi yake mwaka wa 1755, maneno zaidi ya 42,000, akiyasindikiza na mifano mingi kutoka kwa waandishi. Johnson hakuridhika na kisawe kama maana, akajaribu kueleza kila kitu kwa sentensi kamili. Hapo akakutana na tatizo jingine: maneno mepesi hayaelezeki ila kwa magumu. Maelezo yake ya "network" ni maarufu mpaka leo, kwa sababu ili uyaelewe inabidi kwanza ufungue kamusi mara tatu. Na mtu wa mitandao kama mimi hawezi kulipita neno hilo bila kutabasamu.

Mwandishi wa programu atalitambua tatizo hilo mara moja. Ukitafuta "big" unaambiwa "large". Ukitafuta "large" unaambiwa "big". Ni kitanzi kisicho na mwisho. Ni kama kuandika kazi inayojiita yenyewe bila kuweka mahali pa kusimama, mpaka kumbukumbu ya mashine inajaa na kila kitu kinaanguka. Mzaliwa wa lugha hapati shida, anaruka nje ya kitanzi kwa sababu "big" analijua tangu utotoni. Mgeni anazunguka humo ndani hadi anachoka, anafunga kitabu.

Aliyeweka mahali pa kusimama hakuwa London wala Oxford. Alikuwa Bengal. Michael West alikwenda huko mwaka wa 1912 katika idara ya elimu ya serikali ya kikoloni, na akafika kuwa mkuu wa chuo cha walimu cha Dhaka. Aliona wanafunzi wakihenya na vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Kiingereza. Mwaka wa 1935, pamoja na James Endicott, alitoa The New Method English Dictionary. Ndani yake kulikuwa na maneno na semi kama 24,000, na zote zimeelezwa kwa kutumia maneno 1,490 tu. Ukishayajua hayo 1,490, hakuna maelezo humo yatakayokupeleka kwenye giza jingine. Wazo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Longman walipotoa kamusi yao ya wanafunzi mwaka wa 1978 walitumia maneno ya maelezo kama 2,000, na leo kamusi nyingi za wanafunzi zinafuata njia hiyo.

Mwenzake alikuwa A. S. Hornby, na yeye kazi yake ilifanyika Japani. Alikwenda kufundisha huko mwaka wa 1924, akajiunga na kazi ya Harold Palmer huko Tokyo. Hornby, Gatenby na Wakefield walitunga kamusi ambayo haikumwambia mwanafunzi maana pekee, ilimwonyesha pia neno linakaaje ndani ya sentensi: kitenzi hiki kinafuatwa na nini, kile kinakataa nini. Japani ilipoingia vitani na Uingereza mwezi wa Desemba 1941, Hornby aliwekwa kizuizini. Kamusi yake ilichapishwa Tokyo mwaka wa 1942, katikati ya vita, na kampuni ya Kaitakusha. Oxford waliichapisha upya mwaka wa 1948. Ndiyo ile tuliyokuja kuijua kama Oxford Advanced Learner's Dictionary, ile nene ambayo kwenye maktaba ya shule ilikuwa imefungwa kabatini na ufunguo anao naibu wa mwalimu mkuu.

Kwa hivyo kitabu ambacho tulidhani kimeshuka kutoka kwa Waingereza wenyewe kilitungwa kwa ajili ya Wajapani na Wabengali, watu waliokuwa wakihangaika kama sisi. Natamani mtu angeniambia hivyo nikiwa darasa la saba. Tume ya Ominde ilikuwa imependekeza mwaka wa 1964 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na tangu hapo mtoto wa Kenya asiyejua maneno ya Kiingereza hakushindwa Kiingereza peke yake, alishindwa hesabu, sayansi na jiografia pia. Hatukuwa tunakusanya maneno kwa kupenda madaftari.

Basi, hayo ni maana. Visawe vina historia yao, na hapo ndipo ninapopenda kukaa.

Mwaka wa 1718 Mfaransa mmoja, padri Gabriel Girard, aliandika kitabu kuonyesha kwamba maneno yanayoitwa visawe hayalingani kamwe. Mwaka wa 1794 Hester Lynch Piozzi akafanya kitu kama hicho kwa Kiingereza. Bibi huyu alikuwa rafiki wa Johnson kwa miaka mingi, kisha akaolewa na mwanamuziki wa Italia. Kwa hivyo alikuwa na mgeni wa lugha mezani pake kila siku. Kitabu chake, British Synonymy, kinashika maneno mawili matatu yanayokaribiana na kumwelekeza msomaji lipi lisemwe barazani na lipi lisisemwe. Huyo ndiye niliyemhitaji. Lakini dunia haikumfuata yeye, ilimfuata daktari.

Peter Mark Roget alizaliwa London mwaka wa 1779. Baba yake, kasisi kutoka Geneva, alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Mama yake alisumbuliwa na huzuni na hofu. Roget tangu utotoni alipenda kuorodhesha vitu: maneno, wanyama, sehemu za mwili. Alihitimu udaktari Edinburgh mwaka wa 1798, akiwa na miaka 19. Mwaka wa 1803 alikuwa Geneva akiwasindikiza vijana wawili wa tajiri wa pamba wa Manchester, vita vikazuka na Napoleon akaamuru Waingereza wote wakamatwe. Roget alijiokoa kwa kuthibitisha kwamba baba yake alikuwa mwenyeji wa Geneva, hivyo na yeye ni mwenyeji. Karatasi moja iliyopangwa vizuri ikamwokoa. Miaka miwili baadaye, akiwa daktari Manchester, alikuwa ameshaandika orodha yake ya kwanza ya maneno, akiipanga kwa maana badala ya alfabeti. Aliiweka mezani kwa matumizi yake mwenyewe.

Halafu akaendelea na maisha. Mwaka wa 1814 alibuni rula ya kukokotoa yenye vipimo vya logi ya logi, ambayo wahandisi walinufaika nayo hadi vikokotoo vya umeme vilipokuja. Mwaka wa 1818 mjomba wake aliyemlea, mwanasheria Samuel Romilly, alijiua siku chache baada ya kufiwa na mke, na Roget ndiye aliyekuwa akimhudumia kama daktari. Mwaka wa 1824 aliandika kuhusu jinsi jicho linavyodanganywa na gurudumu linalozunguka ukilitazama kupitia nafasi za ua, kazi inayotajwa sana katika historia ya sinema. Akawa katibu wa Royal Society kuanzia 1827 hadi 1848. Alipostaafu, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alilirudia lile daftari la ujana. Mwaka wa 1852, ana miaka 73, akalitoa kama kitabu: Thesaurus of English Words and Phrases.

Jamani, huyu mtu alikuwa mbunifu wa hifadhidata kabla ya umeme. Aligawa mawazo yote ya binadamu katika matabaka sita: uhusiano wa dhahania, nafasi, maada, akili, utashi, na hisia. Chini yake akaweka vichwa 1,000, kila kimoja na namba yake. Neno halikuwa na mahali pamoja. "Old" linaweza kukaa kwenye vichwa vingi, kila mara na majirani tofauti, na fahirisi ya alfabeti nyuma ya kitabu inakuelekeza namba zote. Kila neno na namba, kila namba na kundi la maneno. Leo tungesema ni uhusiano wa wengi kwa wengi na jedwali la katikati. Mimi katika mwaka wa 2009, na tarakilishi yangu, nilikuwa nyuma ya mzee huyo wa 1852.

Aliweka pia vinyume. Kwenye kurasa zake vichwa vilisimama safu mbili, wazo na lile linalolipinga, kuwapo upande wa kushoto, kutokuwapo upande wa kulia. Na alikuwa mwangalifu kuona kwamba mara nyingine si mbili bali tatu. Mwanzo una kati na mwisho. Jana ina leo na kesho. Mtu aliyezoea kweli na si kweli kwenye msimbo anapaswa kukaa na hilo kidogo.

Lakini Thesaurus haina maana za maneno hata moja. Roget aliwaandikia watu wanaoijua lugha tayari, ambao neno limewakalia kwenye ncha ya ulimi na wanataka kukumbushwa. Mtu kama huyo akikutana na "obsolete" katika orodha atalipita tu. Kitabu kilipopewa wanafunzi wageni, kikageuka kuwa duka lisilo na bei: unaona bidhaa zote, hujui ipi itakufilisi. Roget alifariki mwaka wa 1869, akiwa na miaka 90. Mwanawe John na kisha mjukuu wake Samuel wakaendelea kukihariri, na mafumbo ya maneno yalipopamba moto Marekani katika miaka ya 1920, kitabu kikauzwa kuliko wakati wowote.

Neno lenyewe la Kiingereza la kusema kinyume, "antonym", ni changa kuliko mnavyodhani. Kasisi Charles John Smith alilileta mwaka wa 1867 katika kitabu chake cha visawe na vinyume. Kabla ya hapo watu walikuwa na vinyume bila kuwa na jina la shuleni la kuviita.

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye mashine. Katika miaka ya 1950, mjini Cambridge, Margaret Masterman, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Wittgenstein, alianzisha kituo cha utafiti wa lugha. Walitaka mashine itafsiri. Wakachukua Thesaurus ya Roget wakaihamishia kwenye kadi zilizotobolewa. Mbinu yao naipenda. Chukua neno letu "kaa". Linaweza kuwa la moto, au wa baharini, au kitenzi cha kuketi. Likisimama peke yake mashine haijui. Lakini likisimama karibu na "jiko" na "moshi", unaangalia vichwa vya kila neno na kuuliza ni kipi wanachoshiriki. Kinachobaki ndiyo maana. Ni makutano ya seti tu, na kadi zikiwekwa moja juu ya nyingine, mwanga unapita pale matundu yanapolingana.

Aliyekuwa akifanya kazi katika kituo hicho ni Karen Spärck Jones. Tasnifu yake ya 1964 ilikuwa juu ya visawe na jinsi ya kuviainisha. Kutoka hapo akahamia kwenye utafutaji wa nyaraka, na mwaka wa 1972 akaonyesha kwamba neno lipatikanalo katika nyaraka chache lina uzito kuliko lile lililomo katika kila waraka. Kanuni hiyo imo ndani ya mitambo ya utafutaji hadi leo. Kila ukitafuta kitu kwenye mtandao, kuna tone la mwanamke aliyeanza kwa kuuliza kama maneno mawili yanaweza kulingana. Alifariki mwaka wa 2007.

Kilichonitoa kwenye shimo langu, hata hivyo, kilitoka Princeton. Mwaka wa 1985 mwanasaikolojia George Miller, yule wa makala maarufu ya 1956 kuhusu namba saba na uwezo wa kumbukumbu, alianzisha WordNet. Toleo la 3.0, lililotoka mwaka wa 2006, lina maneno kama 155,000 katika makundi zaidi ya 117,000, na lilitolewa bure. Kizio chake cha msingi si neno. Ni maana, na maneno yanayoweza kuibeba yanakusanyika chini yake. "Old" la mtu asiye kijana ni kundi moja, "old" la kitu kisicho kipya ni kundi jingine, na hakuna daraja la kukuvusha kimakosa kutoka hili hadi lile. Usawa unaishia ukutani mwa kundi.

Vinyume ndivyo vilivyowapa watu wa Princeton taabu ya kuvutia zaidi. Ungedhani kinyume ni uhusiano wa maana. Lakini muulize Mwingereza kinyume cha "large" atakwambia "small", na cha "big" atakwambia "little". Ukimwambia kinyume cha "large" ni "little", uso unakunjika, ingawa maana ni zile zile. Kwa hivyo visawe vikaunganisha maana, na vinyume vikaunganisha maneno yenyewe. Ndipo wakapanga vivumishi kama vyuma vya kunyanyulia uzito: "wet" upande mmoja, "dry" upande wa pili, na kila mmoja amezungukwa na wafuasi wake. "Moist" hana kinyume chake mwenyewe. Akimtaka inabidi apitie kwa mkubwa wake "wet", avuke hadi "dry".

Tangu mwaka wa 2013, mbinu ya word2vec iliyotoka Google ilipoenea, mashine zinajifunza maneno kwa kuangalia majirani zake katika maandishi mengi mno, bila daftari la mtu yeyote. Hufanya maajabu, ila zina ugonjwa mmoja: huweka "hot" na "cold" karibu kabisa, kwa sababu chai ni moto au chai ni baridi, sentensi ni ile ile. Kinyume na kisawe vinakaa nyumba moja. Ukiandika programu ya watoto kwa njia hiyo pekee, utamdanganya mtoto kuliko nilivyofanya mimi.

Kwa upande wa Kiswahili tumepata Kamusi ya Visawe ya akina Mohamed, iliyochapishwa na EAEP hapa Nairobi mwaka wa 1998, na nilipokuwa nikitengeneza upya programu ile niliiweka mezani pembeni ya WordNet. Maana nilikuwa nimegundua kitu cha kuchekesha. Jibu la tatizo la "old" lilikuwa kinywani mwa mama yangu wakati wote. Yeye hasemi nguo mzee. Mtu ni mzee, nguo ni kuukuu, na habari ni za zamani. Kiswahili kinagawa makundi matatu pale ambapo Kiingereza kimejaza neno moja. Basi nikaifanya programu iulize kwanza kwa Kiswahili, kabla ya kutoa Kiingereza chochote: ni mzee, ni kuukuu, au ni cha zamani? Ukichagua mzee unapata "elderly" na "aged", na kinyume "young". Ukichagua kuukuu, kinyume ni "new". "Obsolete" limo, chini ya vitu, na sentensi ya mfano kuhusu taipureta.

Likizo ya Desemba nilimpa mpwa wangu simu tena. Alisitasita kuishika. Akaandika "old", akasoma maswali, akachagua mzee, akatazama orodha kwa muda mrefu kama mtu anayehesabu chenji. Kisha akasema, "Sawa mjomba, hii imenyooka. Na 'short' je? Mimi nilisema kinyume ni 'long', mwalimu akasema Otieno si kamba."

Nikaangalia jedwali langu. Nilikuwa nimeandika: fupi, kinyume chake refu. Mtu mrefu, kamba ndefu, safari ndefu, kwetu yote ni neno moja, na safari hii Kiingereza ndicho kilichogawa. Maswali yangu ya Kiswahili yasingemsaidia hata kidogo. Nikamwomba anipe simu, nikafungua tena tarakilishi, na yeye akavuta kiti akakaa kando yangu akianza kunitajia mengine.